Kabla Hujawasha Kiberiti: Maswali Yenu Kuhusu Matawi, Majani na Moto

Tangu masika yakatike, maswali mnayoniletea yananuka moshi. Ndiyo majira yake. Watu wanafyeka viwanja, wanapunguza miembe, wanang'oa pamba, na kuanzia Ilemela mpaka Misungwi kila kona ina lundo linalosubiri kiberiti. Nimeyakusanya yote ya moto mahali pamoja. Walioniuliza kuhusu mchwa na mipapai iliyokunja majani wanivumilie hadi toleo lijalo. Kwa wageni wa ukurasa huu: nilikuwa afisa misitu mpaka nilipostaafu, sasa nalima Sangabuye, na hapa hujibu bila kumung'unya maneno.

*Shikamoo Mama. Nimenunua kiwanja Buswelu chenye mikaratusi na jiwe moja kubwa kuliko nyumba. Mikaratusi tumeiangusha ili tujenge. Magogo nimeuza, yamebaki matawi na majani, lundo linanifika kidevuni na kwa upana linaweza kufunika gari. Vijana wanataka tulisogeze liegemee lile jiwe, wanasema litakinga upepo, kisha tuchome jioni wakishamaliza kazi. Mke wangu hataki kusikia. Nani yuko sahihi?*
*Mjenzi, Buswelu*

Marahaba. Mkeo yuko sahihi, mpe hongera zake.

Tuanze na jiwe, maana hilo ndilo linalonitia hofu. Haya mawe ya Mwanza ni matale. Ndani yake kuna punje za madini mbalimbali, na kila aina hutanuka kwa kiasi chake ikipata moto. Zile punje angavu zinazometa juani zikifika nyuzi 573 za Selsiasi hubadilika na kuvimba kwa ghafla. Wapasua kokoto wetu wanalijua hilo bila kufundishwa darasani: huwasha magogo au matairi juu ya mwamba, wakasubiri, kisha nyundo inamalizia. Umewahi kuwatazama? Kwanza jiwe hubadilika rangi, likawa na wekundu fulani. Halafu unasikia "ta!", na kigae kipana cha kutosha kupakulia ugali kinabanduka, kingo zake zinakata. Vipande vidogo huruka mbali zaidi na havichagui sura ya mtu. Wao wanalitafuta jambo hilo. Wewe hulihitaji, hasa kama jiwe hilo ndilo utakalojengea msingi au ukuta. Lundo likae mbali nalo.

Kuhusu jioni. Sisi tunaokaa kando ya ziwa tuna upepo wenye ratiba. Ardhi ikishapata joto, kwenye saa nne au saa tano asubuhi, upepo huanza kuingia kutoka ziwani, na alasiri unakuwa na nguvu kweli. Usiku unageuka, unatoka nchi kavu kwenda majini. Katikati ya zamu hizo mbili kuna utulivu, na ule wa jioni ndio unaowadanganya watu. Jua likizama, hewa iliyo chini hupoa haraka kuliko iliyo juu yake, kwa hiyo moshi unapanda kidogo, unakosa pa kwenda, unalala. Unalala madirishani mwa majirani zako mpaka alfajiri. Tena giza linakuficha cheche ilipodondokea, na vijana waliobeba zege kutwa hawatakaa kulinda makaa saa nne usiku. Wataondoka, na wewe unajua wataondoka.

Washa saa moja asubuhi, umande ungali kwenye nyasi za pembeni, na uwe umemaliza kabla ya saa tano. Kama siku hiyo vilele vya miti vinatikisika mfululizo tangu alfajiri, acha, utachoma kesho. Na kama huna haraka ya kujenga, mimi ningefunika lundo kwa turubai nikasubiri mvua za kwanza za vuli, Oktoba hivi. Kuni zako zinabaki kavu, nyasi za jirani zimelowa. Turubai liondolewe kabla ya kuwasha, tafadhali. Nimeona watu wakilichoma nalo.

Sasa lundo lenyewe. Likiwa na ukubwa huo halifai kuwashwa lote. Mkaratusi si mti wa mchezo: mafuta yaliyo kwenye majani yake, yale yale tunayoyanusa tukijifukiza mafua, hushika moto kwa pupa, na yale magamba marefu yanayobambuka shinani hupanda na hewa ya moto yakiwa yanawaka na kutua uwanja wa tatu. Kwanza lipunguze. Kila tawi lenye unene wa kifundo cha mkono ni kuni. Waite mama lishe wa mtaani kwako, litapungua nusu kabla ya saa sita. Majani makavu yabaki kama matandazo kwenye njia na chini ya miti mikubwa, ila usiyatandaze kwenye miche ya mboga, yataidumaza.

Kinachobaki, vijiti na takataka ngumu, ndicho cha kuchoma. Chagua mahali palipo tambarare, mita 15 au zaidi kutoka nyumba, uzio na banda la saruji, na uangalie juu: nyaya za umeme hazitakiwi kabisa, wala tawi la mwembe wa jirani. Kwangua nyasi kuzunguka pande zote upana wa mita tatu, ubaki udongo mtupu. Jenga lundo dogo, kimo na upana lisizidi mita moja na nusu, mazito chini, membamba juu. Kisha liwashe juu.

Najua, kila mtu huwasha chini. Ukiwasha chini, moto unapika kuni za juu, nazo zinatoa moshi unaokwenda zake bila kuungua. Ukiwasha juu, moto unateremka polepole, na moshi wa kuni za chini unalazimika kupita ndani ya ndimi za moto, unaungua humo humo. Utaona mwenyewe tofauti ndani ya dakika kumi: juu ya lundo hewa inatetemeka tu, weupe wa moshi hauonekani. Baada ya hapo unaongeza vijiti kidogo kidogo kwa koleo refu au uma wa shamba. Hakuna kutupia mzigo mzima kwa mara moja.

Uwe na maji kwenye madumu na ndoo tayari, usitegemee bomba, maji yakikatika katikati ya kazi utafanyaje? Uwe na koleo, jembe, na mtu mzima asiyeondoka. Makaa yakishabaki matupu, mwagia maji, koroga kwa jembe, mwagia tena, kisha pitisha mgongo wa mkono juu yake bila kugusa. Ukisikia joto, bado. Rudi jioni, rudi kesho yake. Na usichome juu ya kisiki cha mkaratusi: mzizi unaweza kuungua chini kwa chini siku kadhaa, ukaibukia mahali usipotarajia.

Jambo la mwisho ndilo ungeanza nalo. Nenda kwa mtendaji wa mtaa. Manispaa ya Ilemela na Jiji la Mwanza kila moja ina sheria zake ndogo, na yeye ndiye atakayekuambia kama kwenye mtaa wenu inaruhusiwa na kwa utaratibu gani. Ukitoka hapo, pita kwa majirani. Yupo mwenye pumu, yupo atakayekuwa ameanika nguo za shule.

*Mama, kuni mbichi zinanisumbua kuwaka. Petroli kiasi gani inatosha lundo la kawaida?*
*Kijana wa Igoma*

Hakuna kiasi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unateremka, unajaa kwenye matundu ya lundo na kutambaa chini mpaka miguuni mwako wakati wewe unatafuta kiberiti mfukoni. Ukiwasha, hauwaki, unalipuka, na kwa kuwa mtu huwasha ameinama, kinachoungua ni uso na mikono. Sifurahii kuliandika, lakini mnaliuliza kila mwaka.

Kuni mbichi haziwaki kwa sababu zimejaa maji, na joto lote linaishia kuyachemsha hayo maji. Ziache kiangazi hiki mwezi mmoja au miwili, zikishikwa zivunjike kwa sauti. Kuwashia, tumia vijiti vikavu na kipande cha boksi.

Na kwa kuwa tumefika hapa: mtu akiungua, weka mahali hapo chini ya maji safi yanayotiririka dakika 20. Si dawa ya mswaki, si mafuta ya kula, si unga. Mvue pete na saa kabla hajavimba, mfunike kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, iandike ukutani.

*Shikamoo Mama. Mimi naanika dagaa mwaloni Igombe, pamoja na akina mama wenzangu. Juu yetu kuna bwana amenunua shamba, kila asubuhi anachoma majani. Moshi wote unatushukia sisi, na masizi yanatua kwenye dagaa. Mteja akishika dagaa akaona weusi hanunui, anasema wa chakula cha kuku. Tumemwambia, anajibu kwamba anachoma kwake. Tufanyeje?*
*Muanika dagaa, Igombe*

Marahaba mwanangu. Wa Buswelu hapo juu nimemwambia achome asubuhi, na hapo kwenu asubuhi ndiyo balaa. Sababu ni ule upepo wa nchi kavu: mpaka saa tatu hivi bado unateremka kuelekea ziwani, na ninyi mmekaa kati yake na maji, dagaa ndiyo kwanza wametoka kwenye mitumbwi, wabichi, wanashika kila kinachopita. Anayechoma akitazama moshi unaelekea ziwani anaona ametenda haki, moshi umekwenda majini. Hajaangalia nani yupo njiani. Ndiyo maana sipendi kutoa saa ya kuchoma kwa watu wote. Mtu asimame kwenye lundo lake, arushe mchanga hewani, afuate kwa macho unakokwenda, ahesabu waliopo huko. Huo ndio mtihani wenyewe, kiberiti hakina kazi kubwa.

Kuna siku ambazo bwana huyo anaweza kuchoma bila kumkera mtu. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na kichanja na mchanga vinabaki vitupu. Mpelekeeni hiyo kama pendekezo, msiende na ugomvi: achome siku za mwezi mkubwa, siku za giza awaachie. Nendeni watu wazima wawili watatu, mchana, mkiwa na konzi ya dagaa wenye masizi mumwonyeshe kwenye kiganja. Mtu akiona kwa macho hujibu tofauti.

Mwulizeni pia anachoma nini. Kila asubuhi? Shamba gani hilo lisiloisha majani? Nahisi anafagia majani mabichi ya miembe na kuyawasha yangali na unyevu, ndiyo maana moshi ni mzito. Hayo hayana haja ya moto kabisa. Achimbe shimo kivulini la kina cha goti, aweke tabaka la majani makavu, tabaka la mabichi, samadi kidogo, maji ya kulowesha yasitiririke. Ageuze kila baada ya wiki mbili. Likienda sawa, akitia fimbo katikati na kuichomoa itatoka ya moto kushika: mboji inayofanya kazi hupanda hadi nyuzi 55 na zaidi, joto linaloua mbegu nyingi za magugu. Miezi mitatu hivi ana mbolea, na mwaka ujao anawauzia mchicha.

Akikataa, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa afisa mazingira wa manispaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. "Nachoma kwangu" si jibu, kwa kuwa moshi hauna hati ya kiwanja.

*Mimi ni mkulima wa pamba Magu. Kila mwaka tunaambiwa tung'oe mabua tuchome, halafu ninyi watu wa misitu mnasema tusichome. Tushike lipi? Tena mpakani nina jirani mwenye ngitili, yaani eneo alilolitenga kwa malisho, nyasi zake ziko kiunoni na zimekauka. Naogopa kesi.*
*Mkulima, Magu*

Mzee, shika la pamba. Mimi niliyekwisha kuwakataza wengi kuchoma, hapa nasema choma, na sioni aibu. Bua la pamba lililosimama baada ya mavuno ni nyumba ya kulala wageni kwa funza wa vitumba na kangambili. Likichipua maotea, wageni wanapata na chakula, wanakusubiri msimu ujao wakiwa na afya. Ndiyo sababu kanuni za zao hili zinataka mabua yang'olewe na kuchomwa, na wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru wamelisema hilo miaka nenda miaka rudi. Yale mnayopeleka nyumbani kupikia pia yaishe kabla ya mvua. Kuyarundika nyuma ya jiko mpaka Novemba ni kuwahifadhi wadudu kwa gharama yako mwenyewe.

Ila ruhusa hiyo ni ya mabua ya pamba. Haihusu mabua ya mtama, majani ya choroko wala nyasi za pembezoni. Hayo walishe ng'ombe au yaache yaoze shambani. Udongo wetu wa kichanga hauna akiba ya kuunguza.

Usiburute moto shambani. Ng'oa, kusanya mafungu madogo katikati ya shamba, mbali na mpaka, yakauke vizuri, kisha choma fungu moja baada ya jingine. La kwanza lizimike ndipo la pili liwashwe. Vijana hupenda kuwasha yote ili warudi nyumbani mapema, na hapo ndipo watu watatu wanajikuta na mioto minane.

Ngitili ya jirani. Hiyo nyasi ni chakula cha ng'ombe wake cha Septemba na Oktoba, wakati kote kumebaki vumbi. Usukumani tulikuwa nayo desturi hiyo kabla ya mradi wowote, ikafifia, ikafufuliwa upande wa Shinyanga na ule mpango wa hifadhi ya ardhi, HASHI, ulioanza mwaka 1986. Leo ukienda huko unakuta vichaka na miti mahali palipokuwa peupe. Cheche moja inakula kazi ya mwaka mzima ndani ya nusu saa. Kwa hiyo pitisha plau kwa ng'ombe kwenye mpaka wote, upana wa mita tano, udongo ugeuke juu na nyasi zizikwe. Mwombe jirani naye apitishe upande wake, ni kwa faida yenu nyote. Siku ya kuchoma awepo yeye mwenyewe au mwanawe. Upepo ukielekea kwake, hamchomi. Wekeni watu mpakani wenye matawi mabichi yenye majani mengi ya kupigia moto. Kupiga ni kukandamiza na kushikilia, ukiyapeperusha unaupulizia.

Kesi unayoiogopa ina msingi. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 ina sehemu nzima kuhusu uchomaji wa uoto, pamoja na utaratibu wa kibali. Anzia ofisi ya kijiji, muone na afisa misitu au afisa ugani, upate ruhusa kwa maandishi yenye tarehe. Moto ukivuka, msijifanye mashujaa wawili: pigeni mwano, yowe la kuita msaada, mapema, ukiwa bado mdogo.

*Nimeng'oa uzio wa minyaa niweke wa matofali. Nichome?*
*Misungwi*

Usichome mibichi. Ule utomvu mweupe ukiingia jichoni unaweza kumpofusha mtu kwa muda na kumuumiza vibaya, na moshi wake unachoma macho na koo. Ukishika minyaa vaa miwani na mikono mirefu. Utomvu ukiruka jichoni, osha kwa maji mengi safi dakika nyingi, kisha hospitali, usisubiri kesho.

Ukiirundika juu ya udongo itaota upya, utakuwa na msitu. Mahali pazuri pa kuikausha ni juu ya mwamba mtupu, na Misungwi hamkosi mwamba. Jua likiifanyia kazi mpaka inyauke na kukauka kabisa, itupe kwenye shimo la taka za shamba, ifukie. Au waulize majirani wenye mapengo kwenye uzio, kipande kimoja kikichomekwa ardhini hushika.

*Habari Mama. Nina kiwanja Luchelele kinachofika majini. Matete yamezuia mandhari yote ya ziwa, tena yana mbu na nyoka. Nataka niyachome kiangazi hiki nianze upya. Ushauri?*
*Mwenye kiwanja*

Nzuri. Ushauri ni usiyaguse. Ile Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazohatarisha hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Pima mita 60 kutoka kwenye maji halafu ujiulize umebakiwa na kiwanja cha ukubwa gani. Kama aliyekuuzia hakukwambia, hilo ni shauri lenu wawili.

Nje ya sheria, matete ndiyo yanayolishikilia hilo eneo lako. Mawimbi ya alasiri yanavunjikia humo, matope ya mvua yananasa humo, na vifaranga vya sato hujificha humo visiliwe. Yakiungua, msimu wa mvua utaona ukingo unavyomeguka. Na moto wa kwenye matete na mafunjo una tabia mbaya: chini yake kuna tabaka la mizizi na majani yaliyooza nusu, na mwaka wa ukame tabaka hilo hushika moto ndani kwa ndani. Juu unaona kijimoshi tu. Ukikanyaga, mguu unazama kwenye makaa mpaka kwenye goti.

Mbu watafute kwenye madebe, makopo na pipa lisilo na mfuniko huko nyumbani. Nyoka wana haki ya kukaa kwao. Fyeka nyasi kuzunguka nyumba ziwe fupi, hawatakuja.

Gugumaji linalosukumwa na upepo mpaka ufukweni kwako, hilo ruksa kuliopoa. Usijaribu kulichoma, karibu lote ni maji. Lianike siku chache, likate kwa panga, lichanganye na samadi na majani makavu kwenye shimo la mboji. Linaoza upesi kuliko kitu chochote ninachokijua.

*Je, tunaweza kutupia chupa za plastiki, viatu na makopo ya dawa za kuulia wadudu kwenye moto huo huo wa matawi?*
*Mama wa nyumbani, Kirumba*

Hapana, dada, hata kimoja. Plastiki nyingine ikiungua hutoa sumu zinazobaki mwilini na kwenye udongo miaka mingi, na mabomba ya plastiki na soli za viatu ndiyo mabaya zaidi. Makopo ya dawa yasuuze mara tatu, maji ya kusuuzia yamimine kwenye bomba la kunyunyizia unapopulizia shamba, yatoboe ili asiteke mtu maji nayo, kisha muulize afisa ugani yapelekwe wapi. Chupa za maji vijana wa kuokota watazichukua hata kabla hujamaliza kuzifunga.

*Mama mwandishi, habari za kazi. Mimi ni mzee wa Ukerewe, nina michungwa na mihogo. Baada ya kuchoma matawi napata majivu mengi. Wengine wanasema ni mbolea, wengine wanasema yanaua miti. Mwaka huu nina pia mbao za mtumbwi wa zamani, nataka nizichome pamoja ili nipate majivu zaidi.*
*Mkulima, Ukerewe*

Shikamoo mzee wangu. Wote wanaokwambia wana lao la kweli. Majivu ya kuni safi yana chokaa na potasiamu, mmea unavitaka, lakini yakizidi yanaharibu udongo kwa upande wa pili, na mchungwa ukilundikiwa majivu shinani gome linaungua. Chukua konzi mbili tatu, zitawanye chini ya ncha za matawi, mbali na shina, kisha zichanganye na udongo kwa jembe la mkono. Mara moja kwa mwaka imetosha. Usichanganye majivu na samadi mbichi wala yurea siku moja. Ile harufu kali utakayoisikia ni naitrojeni yako inapaa.

Kuna kingine ambacho wengi hatukifanyi. Lundo likishafika makaa mekundu, kabla halijawa majivu, lizime kwa maji mengi. Utapata mkaa mdogo mdogo. Uponde, uulowekee kwenye mkojo wa ng'ombe au uuchanganye na mboji wiki kadhaa, ndipo upeleke kwenye mashimo ya mihogo. Kwenye udongo wa kichanga husaidia kushika maji na mbolea, na haupeperuki. Usiupeleke mkavu peke yake, utanyonya mbolea iliyopo kabla ya kuitoa.

Majivu yakae kwenye debe la bati, nje, siku mbili hadi tatu, yasiwekwe kwenye kiroba wala ndoo ya plastiki. Kaa moja lililojificha ndani linatosha kuunguza ghala.

Mbao za mtumbwi zitoe kabisa kwenye hesabu hiyo. Zimepakwa rangi, nyingine lami, na majivu yake hayafai kwenye kitu utakachokula. Mpelekee fundi wa mitumbwi hapo mwaloni azitazame. Zilizo nzima atazipachika mahali, na misumari ya shaba kama ipo ataing'oa na kukulipa.